Mkojo unakuponyoka ukikohoa? Anza kwa kupima kibofu chako

Kama ukipiga chafya, ukicheka au ukinyanyua ndoo mkojo unaponyoka, najua ulichoanza kufanya, unakimbilia chooni kila saa hata hujabanwa ili kibofu kikae kitupu. Acha taratibu jamani. Kibofu ukikizoesha hivyo kinaanza kudai mapema, mkojo kidogo tu unakubana, na tatizo lenyewe liko palepale, maana ni misuli ya chini ya nyonga na mlango wa mkojo vimelegea, tumbo likisukuma vinashindwa kuhimili.

Chukua jagi lenye alama za mililita na daftari, weka chooni. Siku 3, kila ukikojoa pima, andika saa na kiasi, na ukivujisha andika ulikuwa unafanya nini. Mtu mzima wa kawaida hutoa kama mililita 300 hadi 400 kwa mara moja, mchana mzima haizidi mara 7 au 8 hivi. Ukikuta 80, 120, 100 na hukuwa umebanwa, basi unaenda kwa woga tu, vuta dakika 10 mbele, ukizoea ongeza tena. Maji usijinyime, mkojo mzito unawasha kibofu.

Chooni kaa kabisa au chuchumaa mpaka chini. Ile ya kuning'inia juu ya choo mapaja yanatetemeka, misuli ya nyonga nayo inakaza, mkojo hautoki wote. Usisukume. Ukimaliza tulia kidogo, inamia mbele, jaribu tena.

Halafu mazoezi, na hapa ndio penye dawa: kaza kama unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, vuta kwenda juu, pumua kawaida, shikilia sekunde chache (lenga kufika 10), legeza kabisa. Mara 8, asubuhi mchana na jioni, angalau miezi 3, wengi wanaacha wiki ya pili wanasema haifanyi kazi. Usiyafanye katikati ya kukojoa. Na ukisikia kikohozi kinakuja, bana kwanza ndio ukohoe, hii tu inaokoa nguo nyingi.

Ukiona damu, mkojo ukichoma au ukigoma kutoka, nenda hospitali usisubiri, na lile daftari nenda nalo, daktari atalihitaji, anaweza pia kukupima kwa ultrasaundi aone mkojo kiasi gani unabaki ukishakojoa.