Mkutano wako wa kwanza wa AA Nairobi: kutoka simu mpaka kiti

AA, yaani Alcoholics Anonymous, ni vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Kabla ya lolote, angalia mwili. Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka utoe loki, yaani unywe tena kidogo, usiache ghafla peke yako nyumbani eti uende mkutanoni ukiwa safi. Degedege inaweza kukupiga kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho. Kuweweseka, yaani kuona visivyokuwepo huku moyo unakimbia na jasho linakutoka, huja zaidi siku ya pili hadi ya nne, na kunaweza kuua. Pitia hospitali kwanza, upewe dawa ya kutuliza arosto, yaani mwili unavyoteseka ukikosa pombe, na vitamini B1 chini ya uangalizi. Hospitali ya Mathari wanaijua kazi hii. Usipojua pa kuanzia, piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haikatwi pesa. Na ukifika mkutanoni ukinuka pombe hufukuzwi. Utaombwa usikilize tu.

Kutafuta ni dakika tano. Usiandike “AA Kenya” peke yake kwenye Google, maana utaletewa chama cha magari na shule yake ya udereva. Andika “Alcoholics Anonymous Nairobi”. Chagua mkutano ulio kwenye njia yako ya matatu, hata kama kuna mwingine unaosifiwa upande wa pili wa mji. Mvua ikinyesha saa kumi na mbili jioni nauli inapanda, na mkutano wa mbali ndio wa kwanza kuachwa. Anayefanya kazi mjini atafute wa mchana.

Hatua ambayo wengi huiruka, wakaishia kurudi nyumbani, ni hii: kuhakikisha mkutano upo. Orodha za intaneti huchakaa. Vikundi vingi hukodi vyumba makanisani, na chumba hicho kinaweza kuchukuliwa na kwaya, kamati ya harusi au maombi ya Kwaresima, kikundi kikahamia jengo la nyuma bila mtu kurekebisha tangazo. Kwa hiyo piga simu siku moja kabla, usitume ujumbe tu. Uliza kama wiki hii upo, hasa kukiwa na sikukuu. Uliza saa, kisha uirudie kwa maneno: “saa saba mchana” na “7:00” vimewapotezea watu mikutano mizima, mmoja akihesabu Kiswahili na mwingine Kizungu. Uliza geti lipi na chumba gani, na uombe lokesheni kwa WhatsApp, kwa kuwa Nairobi ina makanisa kadhaa yenye jina la mtakatifu mmoja. Uliza kama mkutano ni wa wazi au wa kufungwa: wa wazi unaweza kwenda na mke, kaka au rafiki, wa kufungwa ni wa anayetaka kuacha pombe mwenyewe. Mwisho uliza wanazungumza lugha gani. Simu isipopokelewa hadi jioni, nenda kwa namba inayofuata. Usifunge safari kwa kubahatisha.

Getini askari atauliza unaenda wapi, pengine atake kitambulisho na sahihi kwenye kitabu. Hulazimiki kutaja pombe. Sema “mkutano wa saa kumi na mbili na nusu, chumba cha nyuma ya ofisi,” inatosha. Kitabu hicho ni cha kiwanja, AA haiandikishi mtu. Akikujibu “leo hakuna mkutano,” usigeuke bado. Askari wengi hawajui jina la AA, wanawajua kama “wale watu wa Alhamisi.” Mpigie uliyeongea naye jana atoke akuchukue. Ndiyo maana ufike dakika 15 mapema.

Ndani ni rahisi kuliko unavyoogopa. Kikao huchukua saa moja au moja na nusu. Jina moja linatosha. Zamu ikikufikia, sema “leo nasikiliza.” Hakuna anayejibu au kukosoa maneno ya mwenzake.

Kikapu kitapita. Mgeni halazimiki kutoa, na hakuna ada ya uanachama. Ukitaka kutoa, beba noti ya 50 au 100. M-Pesa siipendekezi siku ya kwanza, kwa sababu anayepokea anaona jina lako rasmi. Vivyo hivyo kwa mikutano ya Zoom: badilisha jina kabla ya kuingia, si baada.

Usihukumu AA kwa kikao kimoja. Jaribu sita, katika vikundi viwili au vitatu, maana kila kikundi kina hulka yake. Sponsa, yaani mwanachama mzoefu wa kukuongoza, mtafute wa jinsia yako, aliyekaa bila pombe mwaka mmoja au zaidi. Anayekuomba mkopo au kukuita kwake usiku wiki ya kwanza, mwepuke na umwambie mtu mwingine wa kikundi. Wanawake waulize kama kuna mkutano wa wanawake. Familia ina mikutano yake, Al-Anon, hata mnywaji akikataa kwenda.

Usitoke bila namba tatu za simu. Kila moja ihifadhi kwa jina la kwanza la mwenyewe tu, na umpigie mmoja kesho yake kumsalimia, ili Ijumaa ya mwisho wa mwezi mshahara ukiingia usiwe unampigia mgeni.