Crusader Kings III: panga dini na ukoo kabla mfalme hajafa

Wengi wanaotoka kwenye michezo mingine ya vita huingia Crusader Kings III wakitazama jeshi tu. Nimetoka kumsaidia mpwa wangu, na shida yake ni ile ile ninayoiona kila mara: anashinda vita, anapanua nchi, mfalme anakufa, na papo hapo ardhi imegawanyika kwa ndugu watatu wasioelewana. Mchezo huu wa kompyuta wa kampuni ya Paradox, uliotoka Septemba 2020, umejengwa juu ya kifo cha mtawala. Dini na ukoo ndizo zana za kukabiliana na kifo hicho, na zinafanya kazi pamoja. Anayezipanga kila moja kivyake hupata hasara siku ya mazishi.

Mchezo hauna Kiswahili, kwa hiyo nitataja vitu kwa maana yake na mahali vilipo kwenye kioo. Nikisema wilaya nina maana ya kipande cha ardhi unachokishika mwenyewe. Juu yake kuna jimbo, kisha ufalme, kisha dola.

Hatua ya 1: Anzia Ireland, mwaka 1066

Chagua Murchad, mtawala wa Munster. Ndiye ambaye mchezo wenyewe humtumia kufundishia, na kisiwa kile kina majirani wadogo unaowamudu. Usinunue nyongeza yoyote kwanza. Kila kitu nitakachoeleza hapa kinawezekana kwa mchezo wa msingi.

Kuna sababu nyingine ya kumpenda Murchad. Katika historia ya kweli, baba yake, Donnchad mwana wa Brian Boru, alipokonywa utawala na mtoto wa kaka yake mwenyewe, akaenda hija Roma na kufia huko mwaka 1064. Dini na ugomvi wa ndugu katika maisha ya mtu mmoja: ndiyo mambo utakayohangaika nayo kwa miaka mia nne ya mchezo.

Ukishazoea, nenda Uhabeshi. Huko kuna Wakristo wa Kihabeshi na Wayahudi wa Semien wamepakana, na kila ndoa inakuwa na uzito wa kidini.

Hatua ya 2: Soma dini yako kabla ya kugusa kitu kingine

Bonyeza alama ya dini kwenye ukurasa wa mtawala wako. Juu utaona nguzo tatu za imani, chini yake kanuni nyingi ndogo. Kwa Wakatoliki nguzo ni Komunyo, Hija ya Silaha na Utawa. Ikariri hiyo ya tatu, tutaihitaji sana huko mbele.

Kwenye kanuni, soma nne kwa makini: ndoa, talaka, watoto wa nje ya ndoa, na nafasi ya wanawake. Katoliki ni mke mmoja, na talaka lazima ipitie kwa Papa. Waislamu wanaruhusiwa wake wanne. Wanorse (watu wa Skandinavia) wa dini ya jadi wana mke mmoja na masuria hadi watatu. Mchezaji mgeni akiona wake wanne hufurahia, lakini wake wanne ni watoto wengi wa kiume, na kila mtoto wa kiume ni mkono mwingine kwenye urithi. Ndiyo maana namshauri anayeanza abaki Katoliki.

Hatua ya 3: Mridhishe askofu, kisha Papa

Askofu aliye kwenye baraza lako ndiye anayeshika makanisa ya nchi yako. Akikupenda anakuletea kodi na askari, akikuchukia anabaki nayo. Mpe zawadi ya dhahabu mapema, na akija askofu mpya mpe na yeye. Usingoje.

Papa ni benki. Uchaji, yaani pointi za dini unazozikusanya, unaweza kuubadilisha kwake kuwa dhahabu, au kuwa haki ya kudai ardhi ya jirani, mradi anakuona vizuri. Wengi huacha uchaji ukilala bila kazi mpaka mtawala afe nao.

Hatua ya 4: Ndoa

Ndoa ya mtoto wako na mtoto wa mtawala mwingine huleta mkataba wa kusaidiana vitani. Lakini mkataba ule ni wako wewe unayetawala sasa. Ukifa, mrithi wako anabaki na ile iliyotokana na ndoa yake mwenyewe na za ndugu zake wa karibu. Kwa hiyo mchumba mwenye nguvu kuliko wote mpe mrithi mkuu, wadogo watapata wanaobaki.

Kumbuka pia kwamba ukikubali mkataba unakubali na vita vya mkweo. Ukikataa wito wake, heshima yako inashuka na mkataba unavunjika.

Ikiwa mrithi wako ni binti, kwenye dirisha la ndoa kuna kisanduku cha kuchagua watoto wafuate ukoo wa mama. Kiweke alama. Usipokiweka, wajukuu wako ni wa ukoo wa baba yao, na siku mmoja wao atakaporithi, mchezo umekwisha kwako kwa sababu hakuna wa ukoo wako aliyebaki kwenye kiti. Kompyuta hukubali ndoa ya namna hii kwa shida, hasa kwa kijana anayetazamiwa kurithi kwao, basi tafuta mtoto wa tatu au wa nne wa nyumba ya heshima.

Tazama pia sifa za kuzaliwa nazo: akili, uzuri, nguvu. Zinarithiwa. Fahari ya ukoo, yaani pointi za ukoo mzima, ikitosha, mimi hununua kwanza urithi wa damu, ule unaoongeza uwezekano wa sifa hizo kupita kwa watoto. Hapo sina mjadala. Na fahari huja zaidi ndugu zako wakitawala nchi nyingine na mabinti zako wakiolewa na watawala, kwa hiyo usiwaache mabinti wakazeeka barazani.

Hatua ya 5: Malezi

Mtoto akiwa na hulka ya utotoni, mfuatishe hiyo: mwenye tafakuri na mwenye amri hufaa usimamizi wa mali, mdadisi hufaa elimu au diplomasia, mkorofi hufaa vita. Mlezi huchukua watoto wasiozidi wawili, na anaweza kuwaambukiza tabia zake, hata dini yake. Mlee mrithi wewe mwenyewe kama tabia zako ni nzuri. Akifika 16 kazi imekwisha.

Hatua ya 6: Mgawanyo wa urithi

Hapa ndipo watu wanapoacha mchezo, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Simamisha mchezo kwa kitufe cha nafasi. Fungua dirisha la milki, nenda kwenye sehemu ya urithi. Utaona picha ya kila mrithi, na mbele yake vyeo atakavyochukua ukifa leo. Fanya hivi kila mtoto wa kiume anapozaliwa, kila unapoteka wilaya mpya, na kila unapounda cheo kipya. Orodha ile hubadilika kimya kimya.

Mwaka 1066 sheria yako ni ile ya mgawanyo mkali kuliko zote. Ina mambo mawili. La kwanza, wilaya na majimbo yako yanagawanywa kwa wana wote. La pili ndilo linaloua: ikiwa umeshika sehemu kubwa ya ardhi ya cheo kingine cha ngazi ile ile uliyo nayo, mchezo utakiunda cheo hicho siku ya kifo chako na kumpa mwana wa pili, hata kama wewe hukuwahi kukiunda. Na yeye anakuwa huru, si chini ya kaka yake.

Tuchukue mfano. Una wana wawili, na umeteka Munster na Leinster lakini hujawa mfalme. Ukifa hapo, mkubwa anapata Munster, wa pili anapata Leinster akiwa mtawala huru, na kazi yako yote imekwisha. Sasa chukua hali ile ile, ila umeshaunda ufalme wa Ireland. Mkubwa anapata ufalme na Munster. Wa pili bado anapata Leinster, lakini Leinster iko ndani ya Ireland, basi anabaki chini ya kaka yake. Nchi ni moja. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: panda ngazi kabla hujafa. Ukikaribia umri wa miaka 50 na bado huna cheo cha ufalme, acha vita vingine vyote ukitafute hicho.

Ukishakuwa mfalme, hatari inahamia ngazi ya juu. Usimeze sehemu kubwa ya Scotland ukiwa mfalme wa Ireland mwenye wana wawili, labda uwe na uhakika wa kufikia dola kabla ya kufa.

Kuhusu majimbo ya ziada, watu hupenda kukifuta cheo. Kwa mfalme inasaidia. Kwa aliye bado mtawala wa jimbo haisaidii, kwa sababu cheo kilichofutwa kinaweza kuundwa upya siku ya kifo. Huyo dawa yake ni kupanda ngazi kwanza; akishakuwa mfalme anaweza pia kumpa cheo hicho mtawala mwaminifu asiye mwanawe.

Sasa wana wenyewe. Ipo njia ya Utawa. Kwa kuwa dini yako ina nguzo hiyo, unaweza kumwomba mwanao mtu mzima aweke nadhiri na kuingia utawani. Akikubali hatarithi tena. Mcha Mungu hukubali kwa wepesi, mwenye kuidharau dini hukataa, na ukiwa na siri ya kumshikia huwezi kushindwa. Mwombe mapema, kabla hujamwoza na kabla hujampa ardhi. Ubaya wake ni kwamba mtawa haongezi ukoo, kwa hiyo usiwapeleke wote. Watoto hufa. Mrithi wako anaweza kuugua ndui akiwa na miaka 19, na kama wadogo zake wote ni watawa, cheo kinaenda kwa ndugu wa mbali. Mimi huacha wawili: mrithi na wa akiba.

Wa akiba mpe sehemu yake ukiwa hai. Ardhi unayompa sasa inahesabiwa kwenye fungu lake, na wewe ndiye unayechagua ni ipi. Mpe wilaya zilizo nje ya jimbo la mji mkuu wako. Ndiyo sababu inafaa kuwa na wilaya moja au mbili za pembeni, hata kama hazina faida kubwa: ni fungu la mdogo, zikiwepo hatagusa mji mkuu. Angalizo: mwana mwenye ardhi anajichagulia mke mwenyewe na anaweza kujiunga na wanaokupinga. Mwoze kwanza, ardhi baadaye. Na mrithi mkuu usimpe kitu, abaki barazani chini ya macho yako.

Kumnyima mwana urithi kwa amri kunawezekana ukiwa mkuu wa ukoo, ila kunakula fahari ya ukoo ambayo ingenunua faida kwa vizazi vyote. Kuua ndugu siruhusu kwa mtu ninayemfundisha. Siri ikifichuka jina la muuaji wa ndugu halikutoki, na watawala wote wa chini yako wanalichukia.

Waayalandi wana njia yao pia, ya kumchagua mrithi miongoni mwa wanaukoo. Ukiweka sheria hiyo kwenye cheo cha ufalme, watawala wa chini wanapiga kura. Inafaa ukiwa unapendwa. Ukiwa huna heshima, watamchagua mjomba mzee na utaanza upya na mtu mwenye miaka michache ya kuishi.

Njia rahisi kuliko zote haitajwi sana: punguza kuzaa. Katika mchezo huu mwanamke hapati mtoto baada ya miaka 45. Mkeo akifa na tayari una wana wawili, oa mwanamke aliyepita umri huo na mwenye uwezo mkubwa wa usimamizi. Atakusaidia kutawala, na orodha ya warithi haitaongezeka.

Sheria yenyewe hulegea kadiri utamaduni wako unavyogundua mambo mapya, na mwana mmoja kurithi vyote ni jambo la zama za mwisho, zinazoanza 1200. Mpaka hapo, tumia haya.

Hatua ya 7: Hija na msongo

Hija huleta uchaji mwingi. Tangu maboresho ya 2023 mtawala husafiri kweli kwenye ramani, akiongozwa na mkuu wa msafara, na anaweza kufia njiani. Nenda Canterbury au Cologne kabla ya kuiwazia Yerusalemu, na usiondoke ukiwa vitani.

Msongo ukifika 100 mtawala huvunjika, na tena kwa 200 na 300. Mambo yanayopingana na tabia zake ndiyo yanayoupandisha. Mkarimu asinyang'anye watu mali, mpole asinyonge wafungwa.

Hatua ya 8: Dini yako mwenyewe, baadaye

Unaweza kuanzisha imani mpya kwa uchaji, na gharama hupungua ari ya dini ya zamani ikiwa chini. Nasisitiza: baadaye. Raia na watawala wa chini wengi wanaweza kubaki kwenye imani ya zamani, na majirani wanapata sababu ya kukupiga. Wengi huchagua kanuni ya usawa wa jinsia wakaitumia na kwenye sheria ya urithi, kisha wanakuta mabinti wote wameingia kwenye mgawanyo. Ukitaka usawa, na ni chaguo zuri, subiri sheria ya mrithi mmoja. Na kwenye nguzo tatu, usiuache Utawa.

Mfalme akifa, usiondoe usitishaji. Angalia kwanza watawala gani wa chini wanamchukia mfalme mpya, wape zawadi wawili wenye nguvu zaidi, mpe askofu yake, kisha fungua tena ile sehemu ya urithi, maana sasa orodha ni ya watoto wake.