Masikio ya Mbwa Yanayougua Kila Mara
Maambukizi ya sikio yanayorudi kila baada ya wiki chache huwa na chanzo ambacho hakijashughulikiwa, kama vile mzio, utitiri, au maji yanayobaki ndani baada ya mbwa kuogelea ziwani, jambo la kawaida kwa mbwa wa Igombe na Capri Point jijini Mwanza. Tundu la sikio lake hushuka chini kisha hukata kona kuelekea ndani, hivyo unyevu hukwama na fangasi na bakteria hustawi.

Kabla ya kutia dawa yoyote, mpeleke kwa daktari wa mifugo aitazame ngoma ya sikio na kupima uchafu kwa hadubini, kwa sababu ngoma ikiwa imetoboka, baadhi ya dawa zinaweza kumfanya kiziwi. Matone yaliyobaki mara iliyopita yasitumike kwa kubahatisha.

Nyumbani, jaza sikio kwa dawa ya kusafishia uliyoshauriwa, likande kwenye shina kwa sekunde 30 hivi, mwache ajikung'ute (vaa nguo za kazi), kisha futa kwa pamba pale tu kidole kinapofika. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani, na spiriti huchoma. Maliza dozi hata harufu ikitoweka, kisha mrudishe apimwe.