Kabla hujasahihisha Kiingereza, badilisha Kiswahili

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Tandika ni watu wazima wenye shughuli zao: kondakta wa daladala, dada wa saluni, vijana wanaouza simu Kariakoo. Sekondari wamepita, na kule masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno wanayo. Kinachowapiga chenga ni kuchagua. Mtu anajua borrow, anajua lend, halafu anamwambia bosi wake: "Borrow me ten thousand."

Kosa hilo limeanzia kwenye azima. Nimeazima mwavuli kwa jirani. Jirani ameniazima mwavuli. Neno moja linakwenda pande zote mbili. Basi liweke kando, chukua kopa na kopesha. Kopa ni borrow, kopesha ni lend. Unataka kusema "nikopeshe elfu kumi"? "Lend me ten thousand." Unauliza kama unaweza kukopa? "Can I borrow ten thousand?" Najua mwavuli haukopwi, lakini hapa tunatafuta upande tu, kitu kinatoka kwa nani kwenda kwa nani.

Ndiyo njia yangu kwa karibu kila kosa la aina hii: kabla ya kufungua kamusi, tafuta neno jembamba zaidi la Kiswahili, lisilobeba maana mbili. Ile -sha ya mwishoni peke yake inatatua mengi. Kumbuka ni remember, kumbusha ni remind, kwa hiyo anayesema "Remember me to buy salt" alipaswa kusema "Remind me". Nauli inapanda: "The fare rises." LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inapandisha nauli: "LATRA raises the fare." Ukishasikia -sha kichwani, jua kuna mtu anayesababisha.

Kwenye mpira darasa huwa linachangamka. "Yanga won Simba" nalisikia kila baada ya mechi ya watani, na mimi mtu wa Msimbazi, shabiki wa Simba, linaniuma mara mbili. Shinda imebeba mambo mawili. Unashinda mechi, kombe, kesi, bahati nasibu: hapo ni win. Ukimshinda mtu au timu, jaribu kuingiza chapa kama wanavyoandika magazeti ya michezo. Yanga imeichapa Simba, sentensi inakaa sawa, basi ni beat: "Yanga beat Simba." Kombe halichapwi, ndiyo maana hatusemi "beat the cup".

Sikia nayo ina mizigo. Nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia harufu ya samaki, nasikia honi. Iliyoingia sikioni ni honi tu, hiyo ndiyo hear. Harufu unainusa, kwa hiyo smell. Baridi unaihisi, kwa hiyo feel: "I feel cold." Njaa waseme tu "I'm hungry".

Panda ndiyo ngumu zaidi kwa kondakta wangu, maana ndiyo kazi yake. Abiria hawa-climb daladala. Jiulize: ungeweza kusema kwea? Mnazi unakwewa, mlima unakwewa, hapo climb ni halali. Bodaboda na baiskeli ni ride. Gari ambalo ukiingia unaweza kusimama na kutembea ndani, kama daladala, treni au mwendokasi, ni get on, na kushuka ni get off. Bajaji na teksi unaingia umejikunja, kwa hiyo get in, na kushuka ni get out. Na ukipanda mahindi, hilo ni plant.

Haya yote andika kwenye kaunta buku kwa sentensi nzima. Anayeandika "win = shinda" amejiandikia kosa lake mwenyewe.

Kuna mahali njia hii inagoma. Yeye haina neno jembamba: he na she zote ni yeye, na hapo dawa ni mazoezi. Simulia habari za mama yako kwa dakika chache, kila siku, mpaka "My mother, he" ikukere masikioni.

Na kuna saa. Ukimwambia mgeni boti ya Zanzibar inaondoka "one o'clock" ukimaanisha saa moja asubuhi, atafika bandarini mchana. Tazama saa ya ukutani yenye mishale: namba ya Kiingereza ndiyo inayotazamana na ya kwetu. Moja inatazamana na saba, mbili na nane, tatu na tisa, sita na kumi na mbili. Ukiuza tiketi, mwandikie mteja 07:00 kwanza, ndipo umtamkie seven.