Kuimba Pamoja na Wazee Wenye Demensia na Ndugu Wanaowatunza

Anayetaka kuwakusanya wazee wenye demensia (hali ya kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kufifia) na ndugu wanaowatunza ili waimbe pamoja, achague saa nne asubuhi, kwa kuwa baadhi yao huanza kuhangaika jua linapoelekea kutua, na hapa Mbeya baridi ya Juni haimruhusu mzee kutoka nje alfajiri. Dakika 40 zinatosha.

Kazi kubwa ni kuchagua nyimbo. Nyimbo za ujanani mara nyingi hudumu kichwani hata majina ya watoto yanapopotea, hivyo mwulize mtunzaji mapema mzee wake aliimba nini alipokuwa na miaka 10 hadi 30: huenda ni tenzi za kanisani, huenda ni wimbo wa kulimia wa Kinyakyusa au Kihehe, ambao kwa maoni yangu ndio utangulie. Anzeni polepole na kwa sauti ya chini, maana koo la uzeeni halipandi juu. Bibi asiyetamka neno huweza kugonga kidole gotini akifuata mapigo. Huko nako ni kuimba. Usimwulize, “Unaukumbuka huu?”, bali anza ubeti, kisha umsubiri. Mtunzaji naye aketi ubavuni mwake na kuimba, asigeuzwe mgawa chai.