Jinsi ya kuchuja ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la kartie (mtaa), Goma

WhatsApp haisomi yanayoandikwa ndani ya grupu lenu. Ujumbe husafiri umefungwa kutoka simu hadi simu, kwa hiyo hakuna mfanyakazi wa kampuni anayechuja maneno ya kartie kama Katindo au Ndosho. Facebook huchuja, ila kwa kanuni moja ya dunia nzima, na tusi la kabila lililofichwa ndani ya neno la kawaida humpita kirahisi mtu asiyeishi hapa. Admini wa kujitolea ndiye anayelijua.

Grupu hubeba hadi watu 1,024. Kwa kartie, 300 wanatosha kabisa. Weka admini wanne, wasiwe wote wa kabila moja wala kanisa moja, maana siku mtakapofuta ujumbe wa mtu, kitu cha kwanza kuulizwa ni "nyinyi ni wa nani?" Wagawanyike kwenye Airtel, Vodacom na Orange ili mtandao mmoja ukikatika asikosekane wa kuingia. Kwenye mipangilio, washa idhini ya admini kwa kila anayejiunga: mgeni ataje avenyu yake na jirani anayemfahamu. Kiungo cha mwaliko kikivuja, kibadilisheni. Cha zamani hakitafanya kazi tena.

Kanuni ziandikwe kwenye maelezo ya grupu, pia zirekodiwe kwa sauti kwa wasiosoma. Chache tu: hakuna matusi ya kabila, hakuna picha za maiti, hakuna habari za wenye silaha wako wapi, hakuna habari isiyo na chanzo.

Hatari kubwa kuliko zote ni picha ya mtu iliyoandikwa "mwizi huyu". Hapa mtu anaweza kuuawa na umati kabla ya yeyote kuuliza ameiba nini. Picha ya namna hiyo ifutwe mara moja, hata ikiwa imetumwa na aliyeibiwa mwenyewe. Bonyeza ujumbe bila kuachia, chagua kufuta kwa wote. Kisha andika sababu bila kurudia jina wala tuhuma, kwa mfano: "Tumefuta picha ya mtu anayetuhumiwa. Aliyeibiwa aende kwa shefu (kiongozi) wa avenyu." Ukirudia tuhuma, umeisambaza upya. Kumbuka pia kwamba aliyekwisha kuihifadhi anabaki nayo, kwa hiyo dakika kumi za kuchelewa ni nyingi mno.

Kosa dogo: mwandikie mtu faraghani. La pili: onyo mbele ya wote. La tatu: atolewe. Anayechochea watu wapigwe au wafukuzwe hapitishwi kwenye hatua hizo. Anaondoka siku hiyo hiyo.

Uvumi wa volkano una utaratibu wake. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa na watu wengi waliikimbia Goma; siku kama hizo sauti isiyo na jina inaweza kuwaingiza watu barabarani usiku. Fungeni grupu, admini pekee waandike. Tumeni tangazo la kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, pamoja na tarehe na saa lilipotolewa. Ujumbe wenye alama ya mishale miwili umeshasambazwa mara nyingi: usipite mpaka chanzo chake kijulikane.

Kampuni yenyewe, WhatsApp au Facebook, ihusishwe kwa picha za ngono za watoto, utapeli na akaunti iliyoibwa. Ripoti kwanza, futa baadaye, kwa sababu kinachoifikia WhatsApp ni ujumbe wa mwisho, hadi mitano, wa aliyeripotiwa. Yeye haambiwi. Kwenye Facebook chagua kosa halisi kwenye orodha. Kuwaita watu mia waripoti hakusaidii, chapisho hupimwa kwa kanuni. Usihifadhi nakala ya picha mbaya kwenye simu yako: simu ikikaguliwa njiani, picha inahesabiwa ni yako.

Simu ya admini ikiibwa, wenzake wamvue uadmini na kuitoa namba hiyo kwanza. Maswali baadaye.