Lori Linapomisi: Kutafuta Silinda Iliyokufa na Kurudisha Meno ya Tundu la Bolti

Lori la dizeli likiwaka kwa shida katika asubuhi za baridi za Juni na Julai hapa Arusha, likatoa moshi mweupe na kutetemeka likiwa sailensa (injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta), wengi huagiza nozeli zote, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zing'olewe na kupelekwa kupimwa. Uamuzi huo huja mapema mno. Ipo sababu nyingine ambayo malori ya mchanga na moramu, yaliyopita mikononi mwa mafundi wengi, huwa nayo bila mwenye gari kujua: bolti inayoshikilia nozeli imechuna meno ya tundu lake, nozeli haikazwi sawasawa, na kompresheni (hewa iliyobanwa) ya silinda hiyo inatorokea pembeni. Nozeli mpya ikifungwa kwa bolti ya tundu hilo hilo, injini itaendelea kumisi, yaani silinda moja haitawaka sawasawa.

Anza kwa kuitambua silinda yenyewe. Kwenye injini za zamani ambazo pampu hupeleka dizeli kwa kila nozeli kwa paipu yake, washa injini, iache sailensa, kisha legeza kidogo nati ya paipu ya nozeli ya kwanza ukiwa umeifunika kwa kitambaa na umevaa miwani ya kazi. Mlio ukibadilika na injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza nati, nenda kwa inayofuata. Silinda ambayo ukiilegezea paipu hakuna kinachobadilika ndiyo iliyokufa.

Jaribio hilo lisifanywe kamwe kwenye lori la kisasa la mfumo wa komoni reli, ambamo bomba moja lenye presha kubwa hulisha nozeli zote. Humo dizeli huwa na presha inayozidi bar 1,000, na mchirizi mwembamba kama sindano unaweza kupenya ngozi na kuingiza mafuta mwilini. Jeraha huonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo. Kwa malori hayo tumia mashine ya kusoma kompyuta ya gari, au pima joto la matawi ya manifoldi ya ekzosi mara tu injini inapowashwa ikiwa baridi, kwa sababu tawi la silinda isiyowaka huchelewa kupata moto.

Rangi ya moshi nayo husaidia. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyoungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi, kichwa cha injini kinachofunika silinda. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, na baada ya msimu wa vumbi chujio la hewa likaguliwe kwanza. Wa bluu ni oili.

Ukishaijua silinda, hamisha nozeli yake uipeleke silinda ya jirani. Kumisi kukihama nayo, nozeli ni mbovu. Kukibaki palepale, angalia shina la nozeli: masizi mazito meusi kama lami yaliyoganda kulizunguka ni alama ya kompresheni inayovuja. Kama nozeli ziko nje ya kifuniko cha taperi (kile cha juu kabisa ya injini), mimina maji ya sabuni pembeni yake injini ikiwa sailensa. Mapovu yatakuonyesha mahali.

Sasa tundu la bolti lililochunika meno. Wapo wanaozungushia bolti tepu ya mafundi bomba au kuipachika kwa gundi, na wapo wanaotoboa na kuweka bolti nene zaidi. Tepu na gundi havistahimili joto na mtikisiko wa mahali hapo, na bolti nene mara nyingi haiingii kwenye kishikio cha nozeli. Tiba ninayoiamini ni kuweka meno mapya kwa springi ya waya wa pua usioshika kutu, inayojulikana kama Helicoil.

Kwanza hakikisha kipimo. Bolti ya M8 kwa kawaida ina nafasi ya milimita 1.25 kati ya jino na jino, lakini M10 hupatikana kwa 1.25 na kwa 1.5, na fundi akilazimisha moja kwenye tundu la nyingine, meno huisha hapo hapo. Laza bolti mbili ubavu kwa ubavu: meno yakiumana bila mwanya, zinalingana.

Ziba tundu la nozeli kwa kitambaa safi ili chembe za chuma zisidondokee ndani ya silinda. Kwa M8 × 1.25 toboa kwa biti ya milimita 8.3, ukiwa umeiwekea alama ya tepu inayoonyesha kina, na uishike wima kabisa, kwani tundu lililopinda litaikalisha nozeli upande. Tapu, yaani chombo cha kuchonga meno ndani ya tundu, iwe ile inayokuja na springi hizo. Tapu ya kawaida ya M8 haifai. Zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chembe zikatike. Hedi ikiwa ya aluminiamu, ipake mafuta ya taa. Chuma cha kusubu hukatika vizuri kikiwa kikavu. Safisha kwa upepo wa kompresa, ingiza springi mpaka ishuke robo hadi nusu mzunguko chini ya uso, kisha vunja ulimi wake wa chini na uutoe. Usiache oili wala maji ndani ya tundu lisilopenya, maana bolti ikishuka huyasukuma kwa nguvu inayoweza kupasua chuma.

Weka washa mpya ya shaba chini ya nozeli, hakikisha ya zamani haikubaki ndani, na kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Toa hewa kwenye mfumo wa dizeli, rudia maji ya sabuni, kisha lijaribu lori likiwa na mzigo, kwa mfano kwenye mwinuko wa kutoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kupitia Usa River hadi Tengeru. Likimisi bado, pima kompresheni: injini nyingi za dizeli zikiwa nzima huonyesha takriban bar 25 hadi 30, na silinda iliyo chini sana ya wenzake inataka hedi ifunguliwe ili valvu, gasketi na ringi zikaguliwe.